Punda Anayeburura Mguu: Somo kuhusu Kifundo cha Nyuma na Kazi ya Kukanda

Mashua zinapofika Shela na kuanza kushusha saruji, kokoto, mawe na boriti, safari ya pili ya mzigo huo huwa ni ya punda. Vichochoro vya mji ni vyembamba, vimejaa vidaraja na kona, na nje yake ni mchanga mtupu. Gari halipiti. Punda akilala nyumbani siku moja kwa sababu ya mguu, kuna fundi anayesubiri saruji, kuna kijana aliyekosa ujira wa siku, na kuna jikoni ambamo chakula cha jioni kitapungua.

Somo la toleo hili linahusu ugonjwa mmoja unaowalaza punda wengi pole pole bila wenyewe kutambua: matatizo ya kifundo cha mguu wa nyuma. Pia linajibu swali linaloulizwa mara kwa mara na wenye punda, kwamba je, kumkanda punda kunasaidia, au ni kupoteza mafuta ya nazi?

Kifundo kinachozungumziwa ni kipi

Simama kando ya punda utazame mguu wake wa nyuma. Katikati ya mguu kuna pembe inayochomoza kwa nyuma, ambayo wengi huiita goti. Si goti. Goti la punda liko juu zaidi, karibu na tumbo, limefichwa na nyama ya paja. Pembe ile inayochomoza ni kisigino chake. Punda anatembea kama mtu anayekwenda kwa ncha za vidole maisha yake yote, kisigino kikiwa juu na kwato ikiwa ni ukucha wa kidole kimoja. Ukilielewa hilo, mengine yote katika somo hili yanakuwa mepesi.

Kifundo hicho kina mifupa midogo iliyopangwa kwa tabaka kati ya mfupa wa muundi na mfupa mrefu unaoteremka kuelekea kwato. Kwa hivyo ndani yake mna viungo vinne, wala si kimoja. Kile cha juu ndicho kinachokunja na kukunjua mguu, na karibu mwendo wote wa kifundo hutoka hapo. Vitatu vya chini vinasogea kidogo sana. Kazi yao ni kupokea kishindo na kuzuia mguu usijisokote. Mifupa hiyo imefunikwa na gegedu, ile nyama laini na ngumu kidogo inayong'aa ambayo muuza nyama huiacha mwishoni mwa mfupa, na baina yake kuna ute mzito unaolainisha kama mafuta kwenye bawaba.

Punda anapopanda ngazi au kupandisha mchanga na mzigo mgongoni, nguvu ya kumsukuma mbele hutoka nyuma, na nguvu hiyo yote hupita kwenye kifundo hiki. Anapoteremka, ndicho kinachofunga breki. Anapogeuka ghafla kwenye kona ya kichochoro, kwato imekanyaga saruji na mwili unazunguka juu yake, ni vile viungo vya chini vinavyosokotwa. Hali ikiwa hivyo miaka sita, saba, gegedu huanza kulika.

Ugonjwa unaoanza hivyo ni aina ya baridi yabisi. Huanzia mara nyingi katika viungo viwili vya chini kabisa, kwa upande wa ndani wa mguu. Gegedu ikishalika, mfupa unajibu kwa kuota mfupa mwingine, na baada ya muda uvimbe mgumu huweza kuonekana au kushikika hapo ndani, chini kidogo ya kifundo. Farasi wa mbio na wa michezo, wakiwemo wale wa uwanja wa Ngong kule Nairobi, wanaugua ugonjwa huu huu, na elimu nyingi iliyopo imetokana na wao. Tofauti ni kwamba farasi wa Ngong akikosea hatua moja kuna watu wanaomtazama. Punda wa Shela anatazamwa mzigo wake.

Somo lililoandikwa mchangani

Punda haoneshi maumivu. Mnyama wa asili yake, anayeishi nyikani akiwindwa, hakuweza kujiruhusu kuonekana dhaifu, na tabia hiyo haijamtoka. Ndiyo maana ugonjwa wa kifundo hugunduliwa umeshapiga hatua. Kibaya zaidi, mara nyingi unashika miguu yote miwili ya nyuma pamoja. Punda anayeumwa mguu mmoja huchechemea na kila mtu akaona. Anayeumwa yote miwili kwa kiasi kimoja hana mguu mzima wa kuuegemea, kwa hivyo hachechemei. Anakuwa mzito tu. Anafupisha hatua, anasita kwenye ngazi, anabaki nyuma ya wenzake. Mwenyewe anasema punda amekuwa mvivu, na fimbo inaanza kazi. Idadi ya punda waliochapwa kwa uvivu ilhali ni ugonjwa haiwezi kujulikana, lakini kila anayewafahamu wanyama hawa anajua kwamba si wachache.

Hapa wenye punda wa Shela wana bahati ambayo hata madaktari wa farasi Ulaya wangeitamani: mchanga. Asubuhi, kabla watu hawajapita, mwongoze punda bila mzigo hatua ishirini hivi kwenye mchanga tambarare wenye unyevu, pale maji yalipotoka kukupwa. Kisha rudi utazame nyayo.

Punda mzima akitembea vizuri, kwato ya nyuma hukanyaga pale pale ilipokanyaga ya mbele ya upande huo huo, au karibu sana. Mwenye kifundo kibovu, alama ya nyuma inabaki nyuma, mbali na ya mbele, kwa sababu hawezi kukunja mguu na kuutupa mbele. Tazama pia baina ya unyayo na unyayo. Kama kuna mstari mwembamba kama uliochorwa kwa kijiti, hiyo ni ncha ya kwato ikiburuzwa, mguu haunyanyuliwi vya kutosha. Tena tazama unyayo wenyewe: ukiwa umezama sana kwa mbele na kisigino cha kwato hakikuacha alama ya maana, punda anakanyaga kwa ncha akikwepa maumivu. Fanya hivyo mara moja kwa mwezi, na piga picha kwa simu ili ulinganishe na za mwezi uliotangulia.

Dalili nyingine ziko nyumbani. Punda aliyekuwa akitoa mguu wa nyuma bila shida kwa kusafishwa kwato anaanza kuunyakua au kurusha teke baada ya sekunde chache. Mwenye kifundo kibovu akikunjwa mguu muda mrefu huumia, na teke lile ni jibu, si utundu. Daktari hutumia jambo hilo hilo kumpima: huukunja mguu na kuushikilia kwa dakika moja hivi, kisha punda akatolewa mbio papo hapo, na hatua za mwanzo zikatazamwa. Akiguchia zaidi kuliko mwanzo, kuna jambo kwenye viungo vilivyokunjwa. Kipimo hiki mwachie daktari. Ukikifanya peke yako nyuma ya punda mwenye maumivu, unaweza kuwa wewe ndiye unayepelekwa hospitali.

Asubuhi huchukua muda kunyooka, na akishatembea robo saa anaonekana afadhali. Wenye baridi yabisi miongoni mwa watu wanaijua hali hiyo vizuri.

Si kila uvimbe ni ugonjwa huo

Uvimbe laini, uliojaa maji, mbele ya kifundo kwa upande wa ndani, unaobonyea ukiubonyeza na kutokea upande wa pili, ni ute uliozidi katika kile kiungo cha juu. Mara nyingi hauumi na punda anaendelea na kazi. Lakini ni taarifa kwamba kiungo kimechokozwa, na unastahili kutazamwa na daktari. Kitu kimoja kisifanywe kwa vyovyote: kuutoboa ili maji yatoke. Ute ule umo ndani ya kiungo chenyewe, na sindano au wembe usio safi ukiingia hapo unaingiza usaha mahali ambapo dawa hufika kwa taabu.

Uvimbe ulio juu ya ncha ya kisigino chenyewe, kama kofia, huletwa na kugonga au kulala kwenye sakafu ngumu. Zizi la saruji bila matandiko ndilo chanzo kikubwa. Sura yake inaharibika, kiungo chenyewe kinakuwa salama. Tandika majani makavu au mchanga mkavu. (Mchanga huo usichimbwe kwenye vilima vya Shela, ambavyo ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya kisiwa, na chakula kisimwagwe juu yake, kwa kuwa punda anayekula mchanga kila siku huishia kupata msokoto wa tumbo. Tumia karai au ndoo pana.)

Kabla ya kulaumu kifundo, anza chini. Sababu ya kawaida ya punda kuchechemea ghafla ni kwato: jipu ndani yake, msumari, kipande cha chupa. Kwato ikiwa ya moto, na punda hataki kabisa kuikanyaga, tatizo liko hapo. Na kila kidonda kirefu kwenye mguu wa punda kinahitaji sindano ya kuzuia pepopunda. Waliolipa ugonjwa huo jina lake kwa Kiswahili walijua walichokiona: farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaoshikwa nao upesi kabisa.

Kuna jambo moja la dharura. Kidonda kilicho karibu na kifundo kikitoa majimaji ya manjano, mazito, yanayovutika kama ute wa yai, kiungo kimefunguka. Hapo usisubiri kesho. Kinachoamua kama punda atatembea tena ni saa chache za mwanzo.

Kinachoulika mguu kabla ya wakati wake

Umri una sehemu yake, na maumbile pia: punda ambaye visigino vyake vya nyuma vimekaribiana sana, au mguu wake umesimama wima bila pembe, atachoka mapema. Hayo hayana dawa. Yenye dawa ni matatu.

La kwanza ni mzigo. Punda wetu wengi wana uzito wa kilo 150 au pungufu, na kipimo ambacho wataalamu wengi hukitumia kwa mzigo wa mgongoni ni theluthi moja ya uzito wake. Yaani kilo 50. Yaani mfuko mmoja wa saruji. Wenye punda wanaposikia hesabu hiyo hucheka, kwa sababu kazi ya Shela haijapata kufanywa hivyo, na bei ya safari moja haikupangwa kwa mfuko mmoja. Kicheko hicho kina haki yake. Lakini kifundo hakijui bei ya safari. Mzigo ukizidi, punguza idadi ya safari, na gawa sawa pande mbili za shogi, maana mzigo ulioegemea upande mmoja unamfanya punda atembee ameupinda uti wa mgongo na kuulemea mguu mmoja siku nzima. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inahesabu kumbebesha mnyama kupita kiasi na kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa kuwa makosa, na hilo linamhusu mwenye mzigo anayesimama pale akihimiza “ongeza mmoja” sawa na anayeuongeza.

La pili ni kwato, na hapa mchanga uliosifiwa juu una ubaya wake. Punda anayetembea mawe hujipunguzia kwato mwenyewe. Anayeshinda mchangani, kwato zinarefuka. Kwato ndefu ya mbele ni kama kuvaa kiatu chenye ncha ndefu: kila hatua, mguu lazima uinuliwe juu zaidi ili uvuke, na kifundo kinakunjwa kuliko kawaida. Ikiwa imerefuka upande mmoja tu, mguu mzima unakaa mshazari. Kwato zipunguzwe kila baada ya wiki sita hadi kumi, na mtu aliyefundishwa. Panga halifai.

La tatu ni umri wa kuanza kazi. Mwanapunda wa miaka miwili anaonekana mkubwa, na mifupa yake bado inakua. Mzigo wa kweli unangoja atimize miaka minne. Punda aliyeanzishwa mapema huwa mzee akiwa na miaka tisa, na punda aliyetunzwa anaweza kuishi zaidi ya miaka thelathini.

Daktari anaweza nini

Gegedu iliyolika hairudi. Ni afadhali lisemwe mapema, maana fedha nyingi hupotea kwa wanaoahidi kuirudisha. Kinachowezekana ni kupunguza maumivu, kurekebisha kwato, kupanga kazi upya, na wakati mwingine kudunga dawa ndani ya kiungo. Vile viungo viwili vya chini vina jambo la ajabu: kwa kuwa havisogei sana, mifupa yake huweza kuungana kabisa kwa miezi au miaka, na ikishaungana maumivu hupungua na punda akarudi kwenye kazi nyepesi. Kiungo cha juu hakina njia hiyo. Kikiharibika chenyewe, kazi ya mzigo imekwisha.

Dawa za maumivu zitolewe na daktari. Mwili wa punda husafisha baadhi ya dawa hizo upesi kuliko wa farasi, kwa hivyo kipimo cha farasi si chake, na vidonge vya watu kutoka dukani vinaweza kumharibu tumbo na figo. Kuna hatari nyingine isiyojulikana sana: punda mwenye maumivu akiacha kula, mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu yake na kumuua kwa siku chache, hasa akiwa mnene. Punda mgonjwa wa mguu aliyekataa chakula tangu jana ni mgonjwa wa mambo mawili.

Kwa wakaazi wa Shela na Lamu, kliniki ya Donkey Sanctuary iliyopo ukingoni mwa bahari mjini Lamu imekuwa ikiwatibu punda tangu 1987, na kwa miaka yote hiyo bila kuwatoza wenyewe. Maafisa wa mifugo wa kaunti nao wanapatikana kupitia ofisi za wadi. Huduma za mifugo na ustawi wa wanyama ni jukumu la serikali za kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, hivyo kumwita afisa si kuomba fadhila.

Linabaki suala la chuma cha moto. Kuchoma mguu unaouma ni tiba ya zamani katika nchi nyingi, na waliorithi kazi hiyo kwa wazee wao hawaifanyi kwa ubaya. Hoja yao ni kwamba punda aliyechomwa hupona. Ni kweli kwamba baadhi hupata nafuu, na sababu iko wazi: aliyechomwa hawezi kufanya kazi kwa wiki kadhaa, na mapumziko hayo ndiyo yaliyomtibu. Huko Uingereza, ambako farasi walichomwa kwa karne nyingi, baraza la madaktari wa mifugo lilitamka mwaka 1991 kwamba tiba hiyo haiwezi kutetewa. Mpe punda mapumziko yale yale bila chuma. Utapata nafuu ile ile, bila kidonda.

Na kukanda je?

Sasa swali la mafuta ya nazi. Kukanda hakuna mgeni hapa pwani. Mama aliyejifungua hukandwa, mvuvi aliyeteguka hukandwa. Kwa farasi na punda, ufundi huu umekuwa kazi ya watu katika Ulaya na Marekani kwa miongo kadhaa. Mmoja wa waliouvumisha ni Linda Tellington-Jones, mkufunzi wa farasi aliyejifunza kwa Moshe Feldenkrais namna ya kumfundisha mtu kuutambua mwili wake kwa miendo midogo ya taratibu, kisha katika miaka ya 1970 akaanza kuitumia mbinu hiyo kwa wanyama, na baadaye kwa miguso ya duara ya ncha za vidole. Wapo pia wanaonyoosha uti wa mgongo, na wanaochoma sindano za Kichina.

Jibu la haki ni hili. Kukanda hakuponyi kifundo. Hakufiki kwenye gegedu, hakuyeyushi mfupa uliokwisha kuota, na ushahidi wa kisayansi juu ya tiba hizi kwa jumla bado ni mdogo kuliko sifa zake. Lakini punda mwenye kifundo kibovu haumwi kifundo peke yake. Ili aukwepe mguu, anaukaza mgongo, kiuno na matako. Misuli hiyo inakuwa migumu kama kamba iliyolowa ikakauka, na punda anaanza kuumwa mahali ambapo hapakuwa na ugonjwa. Huko ndiko mkono unakofika. Anayekandwa vizuri anatembea kwa wepesi zaidi, anatulia anaposhikwa, na mwenyewe anapata jambo lenye thamani kuliko yote: anamjua punda wake kwa viganja, na uvimbe mpya atauona siku ya pili badala ya mwezi wa tatu.

Kazi hiyo haihitaji vifaa. Ingoje jioni, mzigo na tandiko vikiwa vimeondolewa, punda ameshakunywa maji. Simama ubavuni, kamwe usisimame nyuma. Anza mbele, chini ya shingo karibu na bega, mahali ambapo punda wenyewe husugua meno wanapochanana manyoya. Mwaka 1993 utafiti uliochapishwa kuhusu farasi wa Camargue, Ufaransa, ulionesha kuwa kusuguliwa mahali hapo hushusha mapigo ya moyo. Dakika mbili zatosha. Kisha pitisha kiganja kizima, si vidole, pande zote mbili za uti wa mgongo bila kuugusa mfupa wenyewe, ukiegemeza uzito wako kidogo kidogo. Ukifika kiunoni nenda taratibu. Ukikuta pagumu, simamisha kiganja hapo, egemea, hesabu hadi kumi, legeza. Malizia kwenye matako na nyuma ya paja kwa mwendo mrefu wa kuteremka. Robo saa kwa jumla ni nyingi.

Mtazame usoni wakati wote. Akishusha kichwa, akalegeza mdomo wa chini, akatafuna bila chakula au akapiga miayo, endelea. Akiinua kichwa, akalaza masikio nyuma, akatikisa mkia au akaukaza mwili, umebonyeza kupita kiasi au umegusa panapouma. Punguza au ondoka hapo. Anayeng'ang'ania kwa nguvu akiamini kwamba maumivu ndiyo tiba anamfundisha punda kuuogopa mkono wake.

Kifundo chenyewe kisikandwe kikiwa cha moto au kimevimba karibuni. Hicho ni cha kumwagiwa maji baridi ya kisima dakika kumi na tano, mara mbili kwa siku, na kumwita daktari. Usikande juu ya vidonda vya tandiko, wala punda mwenye homa. Mafuta si lazima. Juu ya manyoya hukusanya vumbi, na vumbi chini ya tandiko huleta vidonda. Mwenye kumpeleka punda baharini amfanye atembee maji yakiwa ya tumbo, kwa kuwa maji huchukua sehemu ya uzito na miguu ikafanya kazi bila kulemewa. Wengi wao wanachukia maji. Asiyetaka asilazimishwe.

Na kama kuna anayejitokeza kwa malipo kusema atamnyoosha punda mfupa uliotoka kwenye kifundo kwa kuvuta mguu, mwenye punda aweke fedha zake mfukoni. Mfupa wa kifundo hicho haurudishwi kwa kuvutwa, na ukiwa kweli umetoka punda hatasimama.

Kumrudisha kazini

Punda aliyepumzishwa kwa sababu ya kifundo asifungiwe zizini wiki nzima. Kiungo chenye baridi yabisi hukakamaa kikikaa. Daktari akisharuhusu, wiki ya kwanza na ya pili atembezwe bila mzigo, asubuhi na jioni, robo saa kwenye mchanga mgumu wa ufuo maji yakiwa yamekupwa, si kwenye mchanga laini wa vilimani unaouzamisha mguu. Wiki ya tatu abebe shogi tupu. Ya nne, nusu ya mzigo wake mpya, na mzigo mpya si ule wa zamani. Kila siku dakika kumi za kwanza atembee mtupu kabla ya kupakiwa, na apewe njia isiyo na ngazi hata kama ni ndefu zaidi.

Punda wa kumchukua nafasi si rahisi kupatikana kama zamani. Tangu vichinjio vya punda vilipoanza nchini miaka ya 2010, maelfu waliuzwa kwa ajili ya ngozi, na ingawa mwezi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuizuia biashara hiyo barani kwa miaka 15, waliokwisha kupotea hawajazaliwa upya. Punda jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, kisha mwanawe anangojewa miaka minne.

Wapo ambao hawatarudi kwenye mzigo. Punda wa namna hiyo asiachiliwe vichochoroni kutafuta chakula kwenye jaa. Kama anatembea bila taabu, anaweza kubaki mwenza wa punda mwingine, kwani punda wa peke yake hupoteza hamu ya kula. Kama hawezi kuinuka bila kusaidiwa, na dawa hazimpi tena usiku wa kulala, daktari ataeleza njia iliyobaki, na mazungumzo hayo yafanyike akiwa bado anakula.

Unapompigia simu daktari au afisa wa wadi, uwe na majibu ya haya: ni mguu upi au ni yote miwili, tangu lini, umeanza ghafla au pole pole, anakula au amekataa, kwato zilipunguzwa lini, na amekuwa akibeba nini. Kama una zile picha za nyayo mchangani, zitume.